Nusu Saa ya Bwana Coates

Asubuhi ya tarehe 16 Aprili 1964, jijini New York, kampuni ya Texas Gulf Sulphur iliwaita waandishi wa habari ikawaambia kwamba imegundua shaba, zinki na fedha kwa wingi karibu na Timmins, Ontario, nchini Kanada. Taarifa ilianza kusomwa saa nne. Yapata saa nne na dakika 20 mjumbe mmoja wa bodi, Francis Coates, alimpigia simu mkwewe aliyekuwa dalali wa hisa, akaagiza hisa 2,000 kwa ajili ya amana za familia. Mashine ya habari ya Dow Jones, ambayo madalali wa nchi nzima waliikodolea macho, iliitoa habari hiyo saa tano kasoro dakika sita.

Je, alitenda kosa? Tangazo lilikuwa limeshasomwa. Waandishi walikuwa wameshainua simu. Mahakama ya kwanza ilimwona hana hatia. Mwaka 1968 mahakama ya rufaa ikasema anayo.

Nimewaketisha watu wanne wa kubuni, wasio na majina, wajadili kosa hili la kununua au kuuza hisa kwa taarifa za ndani: ni kosa gani hasa, linaadhibiwaje, na linazuilikaje. Sijifanyi mwenyekiti asiye na upande. Pale pa kuingilia nitaingilia.

MWALIMU: Nianze mimi, maana ni mimi pekee hapa nisiyelishwa na soko. Nina hisa chache nilizozinunua kwa kiinua mgongo. Nataka kujua jambo moja tu: aliyezinunua hisa nilizouza mwaka jana, alijua nisichokijua? Kama alijua, ameniibia.

WAKILI: Taratibu, Mwalimu. Katika kila biashara kuna anayejua zaidi. Mtu aliyekesha akisoma hesabu za kampuni, asubuhi akaenda kusimama langoni kuhesabu malori yanayotoka kiwandani, akaona mauzo yamepanda, anajua zaidi yako na hana kosa lolote. Amevuna jasho lake. Sheria ya Masoko ya Mitaji ya Kenya haimgusi. Inataka taarifa iwe mahususi, iwe haijatangazwa, na iwe ya kiasi cha kuitikisa bei endapo ingetangazwa. Tena aliyeitumia awe anajua kwamba imetoka ndani.

DALALI: Na huko Marekani kwa Bwana Coates?

WAKILI: Huko ni hadithi nyingine. Hadi leo Bunge lao halijaandika kifungu kinachosema kosa hili ni nini. Wana sheria ya mwaka 1934 inayokataza hila katika kununua na kuuza hisa, na kanuni moja fupi iliyotungwa chini yake mwaka 1942 na Tume ya Hisa na Masoko, SEC. Mengine yote yamejengwa na majaji, kesi kwa kesi. Na kwa kuwa neno lililopo ni hila, jaji wa Kimarekani haishii kuuliza ulijua nini. Anauliza ulimhadaa nani.

MWALIMU: Si alinihadaa mimi?

WAKILI: Inategemea alikuwa nani kwako. Sikiliza kisa cha Vincent Chiarella. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji New York, miaka ya 1975 na 1976. Kiwandani zililetwa nyaraka za makampuni yaliyokuwa yakijiandaa kuyanunua mengine. Majina yalifichwa hadi usiku wa mwisho, lakini yeye aliyabashiri kutokana na maelezo mengine yaliyomo, akanunua hisa za makampuni yanayowindwa, akauza baada ya tangazo. Alipata zaidi ya dola 30,000. Akashtakiwa, akahukumiwa. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo.

MWALIMU: Ikaifuta!

WAKILI: Ikaifuta. Waliomuuzia hisa hawakuwa waajiri wake wala wateja wake. Hawakumkabidhi amana yoyote. Majaji wengi wakasema kunyamaza si hila mpaka uwe na wajibu wa kusema.

Hapa naingilia. Msomaji atakayekasirika pamoja na Mwalimu ana haki, lakini mantiki ya majaji hao si ya kijinga. Mkurugenzi wa kampuni ni mtumishi wa wenye hisa. Anaponunua hisa kutoka kwa mmoja wao huku akijua siri inayoipandisha thamani, anamnyonya bosi wake mwenyewe. Mchapaji si mtumishi wa mtu huyo. Ila mantiki hiyo iliacha pengo kubwa, na wenyewe walilijua, maana miaka 17 baadaye walilazimika kulifukia.

WAKILI: Waliletewa James O'Hagan, wakili mwenzangu, aibu yetu. Ofisi yake ilikuwa Minneapolis, na mwaka 1988 iliajiriwa na Grand Metropolitan ya London iliyotaka kuinunua kampuni ya Pillsbury. O'Hagan hakuwa na kazi katika faili hilo, lakini alinunua hisa za Pillsbury na haki za kuzinunua baadaye, akapata zaidi ya dola milioni 4.3. Baadhi ya fedha hizo alizitaka azibe mashimo aliyoyachimba kwenye akaunti za wateja. Hakuwa mtumishi wa wenye hisa wa Pillsbury. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ikasema hilo si kitu: siri ni mali, na mali hiyo aliiiba kwa ofisi yake na kwa mteja wa ofisi yake. Kuiba siri kisha kuitumia sokoni ni hila pia.

DALALI: Kwa hiyo kama mwenye siri angempa ruhusa?

WAKILI: Kwa nadharia hiyo peke yake, angeponea. Ndiyo kasoro yake. Ulaya na Uingereza hawakupita njia hiyo. Kwao, na kwa Kenya iliyofuata mkondo huohuo, kuwa na taarifa ya ndani huku ukijua ni ya ndani kunatosha kukufunga mikono.

Nasema wazi kwamba njia hii ya pili inanipendeza zaidi. Mwalimu hawezi kujua kama aliyekaa upande wa pili wa biashara alikuwa na ruhusa ya mtu fulani. Kwake hasara ni ileile.

MCHUMI: Nimewasikiliza kwa subira. Hamjathibitisha kwamba kuna hasara. Mwaka 1966 mwanazuoni wa sheria Henry Manne alitoa kitabu kilichowaudhi wengi, na hoja yake haijazikwa bado. Mtu wa ndani akinunua, bei inapanda kuelekea thamani ya kweli. Soko linaelimishwa na bei, hata kama halijui nani kaelimisha. Faida anayoipata ni ujira wa kubuni na kuvumbua. Na Mwalimu aliuza kwa hiari yake, siku aliyoichagua, kwa bei aliyoikubali. Angeuza hata kama mkurugenzi angekuwa amelala.

MWALIMU: Profesa, nami ningekuwa mkurugenzi ningeipenda hoja yako.

WAKILI: Turudi Timmins tuipime. Shimo la kwanza la utafiti lilimalizika tarehe 12 Novemba 1963. Mwamba uliotolewa ulionyesha utajiri ambao wanajiolojia hawakuwahi kuuona. Kampuni ikaamuru siri: mtambo ukahamishwa, wafanyakazi wakaambiwa wafunge midomo. Hisa ilikuwa kama dola 17. Katika miezi iliyofuata baadhi ya waliojua walinunua, na wengine wakawanong'oneza jamaa zao, nao wakanunua. Februari 1964 kamati ya kampuni iligawa haki za kununua hisa kwa maofisa, na waliokuwa na habari ya shimo wakazipokea bila kuiambia kamati neno. Uvumi ulipozidi, tarehe 12 Aprili kampuni ikatoa taarifa kwamba yanayosemwa yametiwa chumvi. Siku nne baadaye ukweli ukatangazwa. Katikati ya Mei hisa ilifika dola 58.

WAKILI: Sasa niambie, Profesa: hawa ndio walioharakisha ukweli? Walikuwa na kila sababu ya kuuchelewesha.

MCHUMI: Kampuni ilinyamaza kwa sababu nyingine. Ilitaka kununua ardhi ya jirani kabla wenye ardhi hawajapandisha bei.

WAKILI: Kweli. Na mahakama ya rufaa ilikubali kwamba hiyo ni sababu halali ya kampuni kuitunza siri. Ilichosema ni hiki: aliye na siri achague mawili, aitangaze au akae mbali na hisa. Kampuni ikiwa na haki ya kunyamaza, ofisa wake hana haki ya kununua.

MWALIMU: Ngoja. Wenye mashamba hawakulindwa?

WAKILI: Kwa sheria ya hisa, hapana. Shamba si hisa.

MWALIMU: Basi hapo ndipo ninapowaelewa. Kwetu anayeijua ramani ya barabara mpya hununua mashamba kabla ya vigingi kupigwa. Mwenye shamba anashukuru kwa kupata mteja. Baada ya mwaka anaona fidia ikilipwa kwa mtu asiyemjua.

Mwalimu amegusa penyewe, na sidhani kama mwanasheria anaweza kumjibu kirahisi. Jibu la kisheria ni kwamba kampuni ya madini haikuwa mtumishi wa wenye mashamba. Sawa. Lakini ofisa wa serikali mwenye ramani ya barabara ni mtumishi wa mwenye shamba, kama vile mkurugenzi alivyo mtumishi wa mwenye hisa. Marekani yenyewe ilisubiri hadi mwaka 2012 kuandika waziwazi kwamba wabunge na watumishi wa Bunge lao nao wanafungwa na katazo hili, tena kwa hisa tu. Kosa ni lilelile, aibu ni ileile. Tofauti ni kwamba moja limeandikiwa sheria na mahakama, na lingine tumeliita ujanja.

DALALI: Na Bwana Coates? Mnamsahau.

WAKILI: Mahakama ilimwambia kwamba habari haiwi ya umma kwa kutamkwa chumbani mbele ya waandishi. Inakuwa ya umma ikishawafikia wanunuzi na wauzaji wa kawaida. Alitakiwa angalau aisubiri ile mashine.

Nami naona walihukumu sawa. Leo nusu saa imekuwa nukta, lakini swali limebaki. Tangazo lililobandikwa kwenye tovuti ya kampuni saa mbili usiku limemfikia nani?

MCHUMI: Na anayefichua wizi? Mwaka 1973 mchambuzi Raymond Dirks aliambiwa na aliyekuwa ofisa wa Equity Funding kwamba kampuni hiyo inabuni bima hewa. Alichunguza, akawaambia wateja wake, nao wakauza. SEC ikamwadhibu yeye!

WAKILI: Na Mahakama Kuu ikamsafisha mwaka 1983. Aliyetoa siri hakutaka faida. Alitaka wizi ujulikane. Tangu hapo, kwao, mnong'ono ni kosa kama mnong'onaji alipata chochote kwa kunong'ona, hata kama ni kumpa zawadi ndugu au rafiki.

MWALIMU: Vizuri. Adhabu je?

WAKILI: Marekani, kifungo hadi miaka 20 na faini hadi dola milioni 5 kwa mtu mmoja. Kwa njia ya madai, tangu mwaka 1984, mahakama inaweza kumtoza hadi mara tatu ya faida aliyoipata au hasara aliyoikwepa. Uingereza ilipandisha kifungo kutoka miaka 7 hadi 10 mwaka 2021. Kenya, kwa kosa la kwanza, mtu hutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 2.5 au kifungo kisichozidi miaka miwili, pamoja na kulipa mara mbili ya faida aliyoipata au hasara aliyoikwepa.

DALALI: Maandishi tunayo. Tuambie nani amefungwa.

WAKILI: Nairobi? Kampuni ya maduka ya Uchumi ilipoanguka mwaka 2006 na hisa zake kusimamishwa, wapo walioshtakiwa kwamba waliuza mapema kwa kujua. Hakuna aliyetiwa hatiani. Mwaka 2018, Rubis ya Ufaransa ilipotangaza kuinunua kampuni ya mafuta ya KenolKobil kwa shilingi 23 kwa hisa, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliona ununuzi wa kutilia shaka siku za kabla ya tangazo, ikazuia akaunti na kuanza uchunguzi. Hapo hatua ilichukuliwa na mamlaka yenyewe.

DALALI: Mwalimu, nikueleze kwa nini ni vigumu. Ninaona maagizo kila siku. Mtu ambaye hajanunua hisa mwaka mzima ananunua nyingi Jumatatu, Jumatano tangazo linatoka. Nitathibitishaje? Atasema aliota. Atasema alisoma gazeti. Siri haikuandikwa, ilisemwa kwenye harusi. Na mji wetu ni mdogo: mwanasheria wa kampuni, mkaguzi wake, mwenye benki na mimi tulisoma shule moja.

WAKILI: Ndiyo. Raj Rajaratnam wa mfuko wa uwekezaji wa Galleon alipatikana kwa sababu serikali ya Marekani ilinasa simu zake, kama inavyowanasa wauza dawa za kulevya. Alihukumiwa miaka 11 mwaka 2011. Mmoja wa waliompa habari, Rajat Gupta, alikuwa kwenye bodi ya benki ya Goldman Sachs. Tarehe 23 Septemba 2008 bodi iliidhinisha kwa simu uwekezaji wa dola bilioni 5 wa kampuni ya Warren Buffett. Simu ile ilipokatika, Gupta alimpigia Rajaratnam papo hapo, na Galleon ikanunua dakika chache kabla ya soko kufungwa. Alipata miaka miwili.

DALALI: Na Martha Stewart, mfanyabiashara maarufu wa Marekani anayetajwa kila mahali, hakufungwa kwa kosa hili. Alikwepa hasara ya dola 45,673 mwaka 2001 kwa kuuza hisa za kampuni ya ImClone, akafungwa miezi mitano kwa kuwadanganya wachunguzi.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaodai vifungo virefu zaidi. Kifungo kinadai ushahidi usioacha shaka, na kwenye kosa la kunong'onezana shaka haikosi. Kila kesi ya jinai inayoanguka inawafundisha wakubwa kwamba sheria ni kelele. Afadhali kumtoza mtu mara mbili ya alichovuna, kumfungia ukurugenzi na kurudisha fedha kwa aliyeuza, kwa kipimo cha ushahidi cha madai, kuliko kumtishia miaka ambayo hakuna hakimu atakayemwandikia. Gereza libaki kwa wale wanaonaswa kama Rajaratnam alivyonaswa.

Na hata hivyo, kuadhibu ni kazi ya baada ya maji kumwagika.

DALALI: Ofisi yetu ina ukuta. Wanaoshughulikia ununuzi wa makampuni hawakai na wanaowahudumia wateja. Kuna orodha ya hisa ambazo sisi wenyewe haturuhusiwi kuzigusa.

MWALIMU: Ukuta wenye mlango, mwanangu?

DALALI: Kila ukuta una mlango, Mama.

WAKILI: Ndiyo maana sheria nzuri haitegemei ukuta peke yake. Ulaya inalazimisha kampuni iwe na orodha ya kila anayeijua siri, ikionyesha aliijua siku gani na saa gani. Habari ikivuja, wachunguzi wana pa kuanzia. Wakubwa wa kampuni hawaruhusiwi kugusa hisa zake siku 30 kabla ya hesabu kutangazwa. Marekani, tangu mwaka 1934, mkurugenzi akinunua na kuuza hisa za kampuni yake ndani ya miezi sita, faida ni ya kampuni. Haulizwi alijua nini.

MCHUMI: Hiyo hata mimi naikubali. Haihitaji kusoma moyo wa mtu.

WAKILI: Na tangu mwaka 2002 akinunua au kuuza, lazima dunia nzima ione ndani ya siku mbili za kazi. Wapo waliojificha nyuma ya mipango ya kuuza iliyopangwa mapema. Kuanzia mwaka 2023 mkurugenzi anayeanzisha mpango wa namna hiyo anangoja siku 90 au zaidi kabla ya biashara ya kwanza.

MCHUMI: Sasa mnakaribia hoja yangu ya mwanzo. Kama mkurugenzi ananunua na mimi naona keshokutwa, bei inaelimika. Bila wizi.

Mchumi amejikuta upande wetu, nami simwachii aondoke. Nchi zetu zimezoea kuongeza makali ya adhabu kila kashfa inapotokea, kwa sababu kuongeza adhabu hakumgharimu mtu kitu. Kuwalazimisha wakubwa waonyeshe biashara zao ndani ya siku mbili, mahali ambapo mwenye hisa 500 anaweza kusoma kwa simu yake, kwa Kiswahili, kunagharimu. Kunawagharimu wao. Ndiyo maana napendekeza tuanzie hapo: siku mbili badala ya ripoti ya mwaka, orodha ya wanaoijua siri, na faida ya miezi sita irudi kwenye kampuni bila maswali. Hayo matatu hayahitaji kunasa simu ya mtu.

MWALIMU: Mimi ninaanzia wapi?

Mkutano mkuu wa mwaka, Mwalimu. Barua ya mwaliko huwa inakuja, na wengi huiacha bila kuifungua. Safari hii nenda, au mtume mwakilishi. Ukifika muda wa maswali, simama umuulize mwenyekiti: katika miezi 12 iliyopita, ni nani kwenye bodi hii alinunua au kuuza hisa za kampuni yetu, tarehe ngapi, na tangazo kubwa lililofuata lilitoka lini? Usiketi mpaka ujibiwe, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.